Nipe Mji: Tulivyojenga Nchi Yetu ya Kubuni Hapa Mbeya

Ukishindwa kitendawili kwa bibi, adhabu ilikuwa moja tu: "Nipe mji." Unampa Iringa, anakataa. Unampa Njombe, anakunja uso. Unampa Tukuyu, hapo anaridhika, na kabla ya kukupa jibu anaanza kusimulia alivyofika Tukuyu, alivyopokelewa na wazee, ndizi alizopikiwa na maziwa ya mgando aliyoshushia. Wewe umetoa jina tu. Yeye ndiye anayeufanya mji uwe mji, kwa kufika.

Naanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu ndiyo iliyookoa mchezo wetu. Huu ni mwaka wa nne mimi na wenzangu watano tunakutana kila Jumamosi ya pili kwenye karakana ya fundi seremala mmoja mtaa wa Soweto, kucheza michezo ya kuigiza wahusika mezani. Kwa asiyeijua: mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na yanayotokea, wengine kila mtu ana mhusika wake, anaamua aseme nini na afanye nini, jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na tangu 2023 sheria zake za msingi zimetolewa bure kwa leseni huria, kwa hiyo mwenye simu anaweza kuanza bila kununua kitabu. Dadu ya pande 20 inayotumika kwenye mchezo huu huipati kirahisi madukani hapa. Sisi tuliandika namba 1 hadi 20 kwa maka peni kwenye vizibo vya soda, tukavitia kwenye soksi. Unachomoa kizibo, unasoma, unakirudisha. Ukikirudisha kila mara, bahati ni ileile ya dadu.

Sheria si kazi ngumu. Kazi ni nchi yenyewe: milima, watu, miji, deni la nani kwa nani. Watu wengi wanaoniandikia wanataka kujua hapo.

Mara ya kwanza niliiandika nchi nzima peke yangu. Wiki sita, kaunta buku la kwaya mbili, wafalme 18, vita vikubwa vitatu, majina ya miezi yote. Siku ya kuanza nikawasomea wenzangu kurasa tisa. Muuza mitumba kati yetu alisubiri nimalize, akauliza kwa upole, "Kaka, huyu mtu wangu asubuhi anakula nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua babu wa babu wa mfalme alikufaje, sikujua uji wa nchi ile unapikwa kwa unga gani. Tulicheza mara nne na hakuna aliyetaja mfalme hata mmoja. Nchi ilikuwa yangu, wao walikuwa wageni ndani yake.

Mara ya pili nikaruka upande wa pili: kila mtu alete anachotaka. Ukaja mji ulio chini ya ziwa, likaja treni linaloruka, akaja mfalme asiyekufa. Kila kimoja kilikuwa kizuri kikisimama peke yake. Vikikaa pamoja, hakuna kilichomhusu mwenzake. Mfalme asiyekufa hakuhitaji samaki wa mji wa ziwani, na treni halikuwa na cha kubeba. Ikafa siku ya tatu.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu wa jiografia. Alikuja na karatasi ya manila, akachora mstari mmoja wa milima kutoka kona hadi kona, kisha akatuuliza swali moja: upepo wa mvua unatoka upande gani?

Tukamtazama. Akatueleza kwa mfano ambao sote tumeuishi. Upepo wenye unyevu unapanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, unakutana na mlima Rungwe, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana Tukuyu inalowa, migomba na chai vinastawi. Ukishavuka milima, upepo umebaki mkavu, na bonde la Usangu linapata mvua kidogo. Lakini Usangu ndiko kuna mashamba makubwa ya mpunga. Unalimwaje? Kwa mito inayoshuka kutoka milimani. Maji hayohayo yanatakiwa na mkulima, na mfugaji, na ardhi oevu ya Ihefu, na Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka sehemu zake wakati wa kiangazi. "Sasa," akasema, "nani anafunga mfereji?"

Nchi yetu ilizaliwa kwenye swali hilo. Upande mmoja wa mstari wa manila tukaweka watu wa mvua, wenye maji na ndizi lakini hawana chumvi. Upande wa pili, watu wa bonde, wenye chumvi na nafaka, wanaotazama mito yao inavyopungua mwaka hadi mwaka. Hatukuandika historia yoyote. Ndani ya saa moja tulikuwa na bwana mfereji anayepokea rushwa, mjane anayevusha chumvi usiku, na mzee anayedai mto una jina ambalo likitamkwa unarudi. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia anza na upepo, halafu maji, halafu chakula, halafu soko moja ambapo wenye hiki wanakutana na wenye kile. Wafalme watakuja wenyewe wakisikia kuna soko la kutoza ushuru.

Sasa ule mji wa bibi. Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya ile inayokufanya usitake kushika chuma. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, mlango wazi ili moshi utoke, nasi tumejikunyata upande wa ndani na vikombe vya chai. Mhusika wa mwenzetu dereva wa bodaboda akafika kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Mwenzetu ambaye ni nesi akauliza, "Daraja hili linatunzwa na nani?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimelifikiria.

"Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

Watu wakacheka, mimi nikatoa jina la kwanza lililonijia: "Nakupa Mwisho wa Kamba."

Akaweka kikombe chini. Akachukua kamba ya katani iliyokuwa juu ya benchi la randa, akaanza kuifunga mafundo huku anaongea. "Nilifika Mwisho wa Kamba, nikapokelewa na mama mmoja mwenye kamba ndefu shingoni. Kila anayevuka, mama anafunga fundo. Akirudi, mama analifungua. Nikala viazi vya kuchoma kwake, nikamuuliza, mbona hapa mwanzoni kuna mafundo yamekaza hivi, meusi? Akaniambia, hawa bado nawasubiri." Alipomaliza, mafundo saba yalikuwa kwenye kamba, na hakuna aliyekuwa anacheka. Ile kamba imetundikwa kwenye msumari juu ya meza mpaka leo.

Tangu siku ile hiyo ni kanuni. Msimulizi akiulizwa jambo la nchi asilolijua, hababaishi. Anatoa jina, na aliyeuliza anafika: anasema kilichomfikia machoni, aliyempokea, alichokula, na jambo moja lililomshangaza. Mambo hayo manne yanatosha. Akitaka kuongeza la tano namzuia, kwa sababu mji uliokwisha kuelezwa wote hauna mlango wa mwenzako kuingilia. Kwenye kaunta buku tunaandika ukurasa wa kushoto tu. Wa kulia unabaki mtupu, unangoja mtu mwingine apite.

Na lililosemwa mezani ndilo lililotokea. Lililoandikwa na mtu nyumbani kwake, hata kama ni zuri namna gani, ni uvumi mpaka lifike mezani. Kanuni hii ilitusaidia kumaliza ugomvi mwingi wa kwenye grupu la WhatsApp, ambako mtu anaweza kutuma sauti ya dakika saba usiku wa manane na asubuhi akadai milki imeanguka.

Upo ugomvi mmoja haukuishia kwenye simu. Muuza mitumba alikuwa amejenga mji wake mdogo ukingoni mwa bonde, wafumaji vikapu, nyumba kumi na mbili. Akapata msiba, akasafiri. Wiki hiyo mimi nikiwa msimulizi nilihitaji kuonyesha ukali wa jeshi la bonde, nikauchoma ule mji. Hadithi ilinoga kweli. Aliporudi akasoma daftari, akalifunga, akaondoka bila neno. Miezi miwili hakuonekana. Nilimfuata kibandani kwake Mwanjelwa, nikamkuta anapanga masweta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kaka, ule mji niliupa jina la kijiji cha mama. Na wakati unauchoma, tulikuwa tunamzika."

Nilimwomba radhi pale, kati ya marundo ya nguo, nikarudi kwa wenzangu kuwaomba tuweke sharti. Aliyefika mjini wa kwanza ndiye mwenye mji. Wengine tunaweza kupita, kufanya biashara, kuoa, hata kuiba kuku. Kuuchoma, kuuhamisha, au kumuua mkuu wake, ni mpaka mwenyewe awepo na aseme ndiyo. Mji wake tuliutoa kwenye moto: tuliamua pamoja kwamba jeshi lilipotea ukunguni likachoma mji mwingine, mtupu. Wapo wanaosema kurudisha nyuma hadithi ni udhaifu. Mimi naona rafiki ana thamani kuliko mfuatano wa matukio.

Kuna mengine tuliyokubaliana yasiingie kabisa. Siku moja nilileta kisa cha kikongwe anayeshukiwa uchawi na wanakijiji wanaomwendea na mapanga. Nesi akasema taratibu, "Hilo mimi nimelipokea kazini." Tukaliacha. Mauaji ya vikongwe, viungo vya binadamu, kudhuru watoto: haya huku kwetu yameumiza watu halisi, na si haki kuyafanya kionjo. Waulize wenzako kabla ya mchezo wa kwanza kabisa, na muulize kila mmoja kwa faragha, maana mbele za watu mtu husema yuko sawa.

Ninapochukua vitu vya nyumbani, nachukua umbo, naacha jina. Ziwa Ngosi lina heshima yake na masimulizi yake kwa wenyeji wa Uporoto, sitaliweka kwenye mchezo nikaweka joka langu ndani. Lakini ziwa lililokaa kwenye shimo la volkano, unalifikia baada ya kupanda msitu wenye utelezi na ghafla liko chini yako, hilo nimelitumia. Kimondo cha Mbozi kwenye kilima cha Marengi kinakadiriwa kuwa na tani kati ya 12 na 16, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kwetu kikawa jiwe la angani ambalo wahunzi wa koo mbili wanalidai, na hakuna msumeno unaolimaliza.

Kitu nilichokopa na kukipenda kuliko vyote ni utaratibu wa zamani wa Wanyakyusa. Wavulana wakifika miaka kumi hivi walianza kujenga kijiji chao cha rika pembeni mwa kile cha baba zao, na baadaye, kwenye sherehe ya ubusoka, utawala ulikabidhiwa kizazi chao. Nasi kila mvua za kwanza tunakabidhi usimulizi. Anayetoka anakabidhi daftari na soksi ya vizibo, anakuwa mchezaji, na haruhusiwi kusema "mimi nilikuwa nimepanga hivi." Hapo ndipo pagumu kwangu. Mara ya kwanza nilikaa nimeuma ulimi jioni nzima nikimtazama fundi seremala akimfanya bwana mfereji wangu mla rushwa awe mtu anayelipia shule ya watoto wa wenzake. Alikuwa amemwona vizuri kuliko mimi.

Mwaka jana mwalimu wa jiografia alihamishiwa Sumbawanga. Tulijadili tufanye nini na miji yake mitatu. Kuirithi ilionekana mapema mno, kuiacha wazi tukaogopa yale ya moto. Tukaamua ukungu umeshuka juu yake: barabara inafika, sauti za jogoo zinasikika, lakini hakuna anayeona malango. Mhusika wake tukamvusha daraja la Mwisho wa Kamba, na nesi akapanda kwenye kiti akafunga fundo la nane kwenye ile kamba ya msumarini.

Desemba alikuja likizo. Hakusalimia hata vizuri, alisogeza kiti chini ya msumari, akaishusha kamba. Fundo lilikuwa limekaza kwa vumbi la randa. Akalifungua kwa meno.