Kwa nini tunampenda Doctor Doom

Ndugu yangu, umeuliza vipi sisi wa barza hapa Mji Mkongwe tunampenda Doctor Doom, yule mwovu wa vitabu vya katuni vya Marvel, na ilhali ni dhalimu. Nguvu pekee hazimvutii mtu. Mapenzi huanza ukishajua habari ya mamake: roho yake ilinaswa kwa Mephisto, shetani wa hadithi hizo, na kila mwaka Doom alipambana amkomboe. Akishindwa, mwakani akarudi, mpaka mwishowe akamkomboa. Utamchukia vipi moja kwa moja mtoto wa namna hiyo? Halafu kile kiburi! Barakoa ya chuma aliivaa ikingali ya moto, ikamuunguza uso. Yupo tangu 1962, na kwangu mimi, katika waovu wenzake wa Marvel, Thanos hamfikii. Magneto labda, maana naye ana machungu yanayoeleweka.