Talaka ya Nevada kwa mtu wa Houston

Swali: Wakili, shikamoo. Naishi Houston, Texas, mwaka wa tatu sasa. Ndoa tulifungia Tanga. Mume wangu yuko Dallas, alishatamka talaka mbele ya shehe, na hatugombanii kitu; hatuna watoto wala nyumba. Kuna kaka hapa anawajazia watu fomu. Anasema tukimlipa atatuandikisha kama wakazi wa Nevada na talaka itatoka upesi. Tufanye?

Jibu: Marahaba, dada. Msifanye. Kila mji wenye watu wetu una kaka wa namna hiyo, na mteja anapofika kwangu kaka keshabadilisha namba ya simu.

Ni kweli Nevada inadai wiki 6 tu za ukaazi. Lakini ni za kuishi huko, kwa nia ya kubaki, na mahakama hutaka mkazi wa Nevada aape kwamba anakuona huko. Shahidi wenu atatoka wapi? Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba North Carolina ilikuwa na haki ya kutozitambua talaka za Nevada za Williams na Hendrix, mwanamume na mwanamke wa North Carolina, kila mmoja na ndoa yake. Hao walikaa kweli Las Vegas wiki 6, wakapewa talaka, wakaoana wao kwa wao, wakarudi kwao, wakashtakiwa kuishi kinyumba huku ndoa zao za kwanza zikihesabika bado zipo. Nyinyi hata basi hamjapanda.

Talaka ya shehe inatosha kidini. Serikalini anayevunja ndoa ni jaji wa mahali mnapoishi, hata kama mlioania Tanga. Texas inataka mmoja wenu awe amekaa jimboni miezi 6 na kwenye kaunti siku 90 kabla ya kufungua shauri. Wewe umeshapita. Ukifungua, zinahesabika siku 60 kabla jaji hajasaini, isipokuwa kwenye baadhi ya kesi za ukatili wa nyumbani. Mumeo anaweza kusaini mbele ya notari kwamba hahitaji kupelekewa samansi, ila asaini baada ya shauri kufunguliwa. Wajaza fomu huisainisha karatasi hiyo mapema, inakataliwa.

Fomu zipo bure TexasLawHelp.org, pamoja na ile ya kuomba usamehewe ada ya mahakama. Kama kipato ni kidogo, shirika la msaada wa kisheria la Lone Star Legal Aid linahudumia Houston. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema.

Na wengine mnaosoma hapa: notari wa Marekani si wakili. Anashuhudia saini, basi. Muhuri wake hauifanyi karatasi ya uongo kuwa ya kweli. Talaka mbovu hukaa kimya miaka, mpaka siku unapomwombea mwenzi mpya makaratasi na Uhamiaji wakitaka uthibitisho kwamba ndoa ya kwanza ilivunjwa kisheria. Hapo ndoa ya pili nayo inatiliwa shaka. Kama ulishainunua hati ya namna hiyo, ipeleke kwa wakili mwenye leseni ya jimbo lako kabla hujasaini fomu yoyote ya Uhamiaji.