Uzi, Sindano na Kasa: Majibu kwa Wanaofuma Mikoba ya Hisani

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu jambo moja, nalo ni mikoba ya kufuma kwa kroshia inayouzwa ili fedha zake zisaidie wanyamapori. Nimechagua nne, na zile zilizouliza kitu kilekile nimeziunganisha.

Shikamoo, bibi. Sisi ni kina mama wanane wa Malindi, tuliozoea kufuma vitambaa vya makochi. Tumekubaliana kufuma mikoba 30 ya kwendea sokoni, tuiuze, na sehemu ya fedha tulipelekee shirika linalotunza kasa kule Watamu. Mkoba wa majaribio ulipendeza mpaka ulipotiwa nazi sita. Sasa ukiutundika begani unafika magotini. Tena tunabishana kuhusu uzi: wengine wanataka akriliki kwa kuwa ni rahisi na ina rangi nyingi, wengine wanataka pamba, na mmoja wetu anasema tukate mifuko ya plastiki tuigeuze uzi. Tumsikilize nani?

Marahaba, wanangu. Nianze na nazi, kwa sababu mkoba wangu wa kwanza nami uliniaibisha vivyo hivyo, nao ulibeba viazi tu. Mazoea ya vitambaa vya makochi ndiyo yanayotuponza: kitambaa cha kochi hutakiwa kiwe chepesi na chenye matundu, kwa hiyo mkono umeshazoea vishono virefu na uzi uliolegea, ilhali mkoba wa sokoni unataka kinyume chake. Tumieni kishono kifupi, kile cha kuingiza sindano, kuvuta uzi, kisha kuupitisha katika vitanzi viwili kwa mara moja, na mchague sindano iliyo ndogo kidogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya donge la uzi. Ikiwa imeandikwa milimita 4, chukueni ya 3.5. Vidole vitalalamika siku mbili za kwanza, lakini kazi itashikana.

Kitako nacho kifumwe kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Anzeni na mnyororo wa vitanzi kama 40, mfume upande mmoja hadi mwisho, mzunguke nchani na kurudi upande wa pili, mkiongeza vishono kwenye ncha zote mbili mpaka mpate umbo la yai lililolala bapa. Likianza kujikunja kama bakuli, mmeongeza vishono vichache mno; likifanya mawimbi kama ukindo wa gauni, mmezidisha.

Mkanda ndio unaoharibu mikoba mingi. Wengi huufuma kwa upana wake, yaani vishono vitano au sita kwenda, kugeuza, kurudi, mara mia, na mkanda wa namna hiyo huvutika kama mpira. Fumeni kwa urefu badala yake: fanyeni mnyororo wenye urefu wa mkanda mzima, kisha mistari mitano au sita inayokwenda sambamba nao. Baada ya hapo shoneni utepe wa kitambaa kigumu upande wa ndani, na msiushikize mkanda kwenye ukingo wa mdomo peke yake. Uteremsheni ubavuni walau upana wa kiganja kabla ya kuushona.

Kuhusu bitana, merikani inafaa, lakini mimi napenda kanga iliyochakaa kidogo, kwa kuwa imeshafuliwa ikaacha kuruka, yaani kupungua kimo. Ikatwe ndogo kidogo kuliko mkoba wenyewe, ili mzigo uangukie kwenye kitambaa badala ya kuning'inia kwenye uzi. Hii ndiyo siri yote ya mkoba usiorefuka. Na ukiweza kuipanga kanga ili jina lake litokee pale mdomoni, mnunuzi akifungua mkoba anasomewa methali kabla hajatia kitunguu. Mkimaliza mkoba mmoja, upimeni urefu, mtie paketi mbili za unga za kilo mbilimbili, mwuache msumarini usiku kucha, na asubuhi mpime tena. Ukiwa umeongezeka zaidi ya vidole vitatu, fumueni mkanda.

Sasa uzi. Kasa hula konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, na mfuko wa plastiki unaoelea majini hufanana naye sana. Ndiyo maana kasa huletwa kwa matabibu wakiwa na plastiki tumboni, wengine wakielea juu bila kuweza kuzama kutafuta chakula. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mkoba wenu unaingia katika pengo hilohilo. Akriliki ni plastiki iliyosokotwa kuwa uzi, nayo kila inapofuliwa huachia nyuzinyuzi ndogo zinazokwenda na maji ya kufulia. Kumwuzia mtu mkoba wa namna hiyo kwa jina la kasa ni kumpa kasa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Chukueni pamba. Haina weupe wa malaika, maana shamba la pamba hunywa maji mengi, lakini mkoba wa pamba ukichoka huoza ukawa udongo.

Mwenzenu wa kukata mifuko ana nia njema, nami nimeona kazi za aina hiyo zilizo nzuri sana. Kasoro yake ni jua: plastiki laini ikikaa juani miezi kadhaa hukauka na kumeguka vipandevipande, na mkoba wa sokoni unashinda juani. Kama anaupenda ufundi huo, afume zulia dogo la ndani ya nyumba.

Jambo la mwisho kabla hamjanunua madonge: fumeni kipande cha sentimita 15 kwa 15, mkifue na kukianika. Pamba huruka, na nyekundu na bluu iliyoiva huweza kutoa rangi ikachafua bitana yote.

Bibi mpendwa, niko Nairobi na napenda mikoba yangu isaidie watoto wa ndovu waliofiwa na mama zao. Niuze kwa bei gani, na niandike nini kwenye kibandiko ili nisionekane tapeli? Au ni heri nilipelekee shirika mikoba yenyewe?

Usipeleke mikoba isipokuwa wamekuomba. Mtoto wa ndovu anahitaji maziwa, na mlezi wake anahitaji mshahara. Mikoba 20 iliyotua ofisini bila taarifa inahitaji mtu wa kuihesabu, kuihifadhi na kuiuza. Iuze wewe, upeleke fedha.

Nadhani unalifikiria shirika la hisani la Sheldrick, lililoanzishwa mwaka 1977 na ambalo kituo chake cha kulelea ndovu wachanga kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Wao wana mpango wa kumdhamini mtoto mmoja wa ndovu kwa mwaka, kuanzia dola 50, nao ni kipimo kizuri kwa mtu mmoja mwenye sindano moja. Tufanye hesabu ya mfano, nawe uingize bei za dukani kwako. Tuseme uzi wa gramu 250 ni shilingi 750, bitana 150, kifungo na uzi wa kushonea 50, na fungu la nauli 50: jumla 1,000. Ukiuza mkoba kwa 2,200, zinabaki 1,200. Chukua 700 za jasho lako, na 500 ziende kwa ndovu. Kwa kiwango cha takriban shilingi 130 kwa dola, mikoba 13 inatimiza udhamini wa mwaka mmoja.

Utaona kwamba nimekulipa. Wafumaji wengi huona haya kudai jasho lao kazi inapokuwa ya hisani, wakachoka kufikia mkoba wa tano na hisani yenyewe ikafa. Saa kumi na mbili za kufuma kwa shilingi 700 bado ni sadaka.

Kwenye kibandiko, usiandike “sehemu ya mapato”. Maneno hayo hayasemi kitu. Shilingi moja nayo ni sehemu. Andika: “Shilingi 500 za bei ya mkoba huu zinapelekwa kusaidia kulea ndovu yatima.” Jina la shirika na nembo yake ni mali yao, kwa hiyo waandikie kwanza, ueleze unauza nini na wapi, ungoje ruhusa ya maandishi. Ukishapeleka fedha, tunza risiti, na umwonyeshe kila mnunuzi atakayeuliza.

Bibi, mimi ni kijana wa kiume wa hapa Tanga, na ufundi huu nilijifunza kwa mama. Ninafuma mkoba wa mviringo wenye picha ya kasa kwa rangi mbili, lakini kila nikipanda juu, kasa analala upande wa kulia kama mlevi. Nakosea wapi?

Hukosei, mwanangu. Kishono kifupi kikifumwa kwa kuzunguka bila kugeuza kazi hakikai sawasawa juu ya mwenzake. Husogea kulia kidogo, na baada ya mizunguko 30 kusogea huko kunaonekana. Ama ufume bapa, mstari wa kwenda na wa kurudi, kisha ushone mbavu, ama umfume kasa peke yake na kumbandika kwa sindano ya kawaida. Mimi huchagua njia ya pili, kwani hata ukiharibu unafumua kasa tu, mkoba unabaki.

Na kwa kuwa umetaja picha: angalia usitufumie kobe. Kobe ana miguu na kucha. Kasa ana mapezi, yale ya mbele marefu kama makasia. Mgongoni, kasa wa kawaida na ng'amba, ambaye ni aina nyingine ya kasa, wote wana magamba makubwa 13: matano katikati na manne kila upande. Ukifuma vipande 13 vidogo vyenye pembe sita na kuvipanga hivyo, mvuvi yeyote wa Tanga atamtambua.

Nina kifungo cha zamani cha gamba la ng'amba kilichotoka katika sanduku la bibi yangu, Lamu. Kingependeza mno kwenye mkoba wa kasa nitakaouza. Je, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Ng'amba amewindwa mno kwa ajili ya gamba hilohilo la vitana, bangili na vifungo, hata leo yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kasa wote wa baharini wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya viungo vyao imekatazwa, na nchini Kenya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtia hatiani anayemiliki au kuuza nyara ya mnyama wa aina hiyo bila kibali. Kwamba kifungo ni cha zamani hakukupi ruhusa ya kukiuza. Kitoe kabisa katika hesabu za mkoba, na uwaulize maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori unachopaswa kukifanya.

Kwa mkoba wako, chukua kifuu. Kata duara la sentimita tatu kwa msumeno mwembamba, ulisugue kwa msasa mpaka kingo zisikwaruze uzi, utoboe matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, kisha ulipake mafuta ya nazi na kulifuta. Likikauka lina rangi ya kahawia yenye mistari, na kwa mbali watu watakuuliza kama ni gamba.