Maswali ya safari: siku moja Ugiriki, niende wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu wa historia huku Mbale, mwezi wa 9 naenda Athens kwenye semina, wenyeji wanalipa ndege na hoteli, halafu nimebaki na Jumamosi moja huru. Nimeona kampuni mtandaoni inauza ziara ya siku moja kwenye magofu ya kale, Delphi na Korintho na Mycenae na Olympia zote pamoja, na bei yenyewe nafuu. Wanafunzi nimeshawaahidi picha. Nilipie?
Mwalimu, Mbale

JIBU: Mwalimu usilipie, nakuomba sana. Fungua ramani kwanza. Delphi iko kama kilomita 180 kaskazini magharibi ya Athens, juu kwenye mlima Parnassus, na Olympia ni kama kilomita 300 huko magharibi, yaani ni sawa na mtu akuambie utatoka Kampala alfajiri, ufike Fort Portal, upitie Gulu, na usiku ulale Kampala. Utakachoona ni dirisha la gari tu.

Mimi yalinikuta. Mara ya kwanza nilichukua ziara ya bei ya chini, tulikuwa watu sita kwenye gari, tukafika Mycenae, ule mji wa kale wa wafalme, dereva akapaki, akatuonyesha geti kwa kidole, akasema mna dakika 40. Basi tukaingia, jua linawaka, tukapanda mawe tukashuka mawe, kila mtu anapiga picha ukuta na hajui ni ukuta wa nini. Kumbe kule Ugiriki dereva haruhusiwi kueleza watu ndani ya eneo la kale, hiyo kazi ni ya mwongoza watalii aliyesomea na ana leseni na beji anavaa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi uliza hivi: mwongozaji mwenye leseni anaingia na sisi ndani au tunaachwa getini? Wakizungukazunguka kujibu, achana nao.

Mwaka uliofuata nikarudi na mwongozaji kweli, mama mmoja mtu mzima, akatusimamisha palepale kwenye ule mlango mkubwa wenye simba wawili wa mawe juu yake, ulijengwa kama mwaka 1250 kabla ya Kristo, akatuuliza, mnaona nini? Tukasema simba. Akasema angalieni vichwa. Vichwa havipo! Vilichongwa kando vikabandikwa, na vilishapotea zamani sana. Nilikuwa na picha kama 20 za ule mlango kwenye simu tangu safari ya kwanza na sikuwahi kuona kwamba simba hawana vichwa. Hapo ndipo nilielewa ile hela ya mwongozaji inalipia nini.

Halafu akatupeleka chini kidogo, kwenye kaburi wanaloita Hazina ya Atreus. Mwalimu, hapa ndipo nataka ufike kuliko pengine popote. Unapita njia ndefu yenye kuta za mawe huku na huku, unaingia chumba cha duara, juu zaidi ya mita 13, mawe yamepangwa duara juu ya duara yakibana kidogokidogo mpaka yanakutana kileleni na hayajashikwa na chochote katikati. Jiwe lililolala juu ya mlango peke yake ni kama tani 120. Niliinua macho nikakumbuka makaburi ya Kasubi pale Kampala, ile nyumba ya Muzibu Azaala Mpanga walipolala makabaka wanne, wafalme wa Buganda, duara vilevile, nayo ukiinua macho unaona pete juu ya pete zinakwenda kileleni. Wao mawe, sisi matete na nyasi, lakini wazo ni lilelile, mfalme akifa analazwa kwenye nyumba ya duara. Waambie wanafunzi hivyo, na picha za Kasubi na za huko uziweke pamoja ubaoni.

Sasa chukua ziara ya upande mmoja tu, ile wanaiita Argolis. Basi linaondoka kama saa 2 asubuhi (saa zao za kiangazi ni sawa na zetu), linasimama kwenye mfereji wa Korintho uliofunguliwa 1893, mnaingia Mycenae, chakula cha mchana mji wa Nafplio, halafu Epidaurus kwenye ule uwanja wa maigizo wa kama watu 14,000. Panda mpaka safu ya juu kabisa, mwambie mwenzako abaki chini katikati adondoshe sarafu kwenye jiwe. Utaisikia. Delphi ni nzuri mno lakini yenyewe inataka siku nzima.

Na ile barakoa ya dhahabu aliyofukua Mycenae yule Mjerumani Schliemann mwaka 1876 usiitafute kulekule, iko Athens kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Kama semina yako inaangukia wikendi ya mwisho ya Septemba una bahati, maeneo ya serikali kuingia ni bure siku hizo, ila foleni jiandae.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, tuko kikundi cha watu 11 tunataka kufuata nyayo za Mtume Paulo. Tukiwa Athens tutaweza kufika Korintho na kurudi siku hiyohiyo?
Mzee, Jinja

JIBU: Shikamoo mzee. Mnaweza kabisa, tena nusu siku inatosha. Ni kama kilomita 80, yaani kama nyie mnavyokuja Kampala kutoka Jinja, na barabara yao haina foleni ya Mabira.

Ila msiende bila Matendo ya Mitume sura ya 18 mkononi. Paulo alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita akishona hema na Akila na Priskila, na kile kiti cha hukumu alipopelekwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi, bado kipo, jukwaa la mawe katikati ya soko la kale. Simameni hapo msome kwa sauti, mwongozaji mzuri atawaachia nafasi. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, Delphi yalipatikana mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja huyo Galio, na ndiyo inawasaidia wataalamu kujua Paulo alikuwa Korintho kama mwaka 51 au 52.

Jioni mkirudi pandeni Areopago, ule mwamba Paulo alipohubiri habari za mungu asiyejulikana, chini ya Akropoli, kile kilima chenye mahekalu ya kale. Hakuna tiketi. Ila mzee, mwamba wenyewe umesuguliwa na miguu ya watu hadi unateleza kama sabuni, tumieni ngazi za chuma zilizowekwa pembeni.

SWALI: Nampeleka mama, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Akropoli ataiweza?
Binti yake, Entebbe

JIBU: Ataiweza dada. Kuna lifti tangu 2020 kwa wasioweza kupanda, mwambie wakala wako awasiliane na wahusika wa pale mapema, msisubiri mpaka mfike getini. Tiketi siku hizi ina saa yake ya kuingia, kwa hiyo weka nafasi ya ile saa ya kwanza asubuhi, maana kwenye joto kali la Julai 2023 walikuwa wanafunga mchana kabisa. Mama avae viatu bapa vya soli ya mpira, vya visigino wamekataza kwa sababu vinaumiza marumaru. Na chupa ya maji na kofia mbebee wewe.