Unakuja Tokyo na unataka kwenda baa Kabukicho? USIMFUATE mtu anayekuita barabarani

Mkuu mleta mada, salamu baadaye.

Umeandika kwamba mwezi ujao unakuja Tokyo kwa kozi ya JICA, lile shirika la misaada la Japani, mtalala kwenye kituo chao pale karibu na Hatagaya, na unataka japo usiku mmoja uingie baa za wenyeji ujionee. Umeuliza uende wapi, uvae nini, utenge shilingi ngapi, utafanyaje na wewe Kijapani hujui hata neno, na treni ya mwisho ni saa ngapi. Maswali mazuri. Halafu mstari wa mwisho umeuchomeka kama vile si kitu: "Kuna jamaa kaniambia nikifika Kabukicho nisihangaike, pale barabarani kuna watu wanaongea Kiingereza, watanipeleka wenyewe." Na wadau chini wamegonga laiki na kuandika "mchongo huo".

Hapana mkuu. Hapana kabisa. Huo ndio mtego wenyewe, na umeuelezea vizuri kuliko polisi wa Shinjuku, wilaya yenye huo mtaa wa baa wa Kabukicho.

Mimi nilisoma Tokyo, na maneno hayohayo niliambiwa na kaka mmoja aliyenitangulia chuoni. Mjuaji huyo! Alijua duka lenye unga unaofaa ugali, alijua kinyozi anayeweza nywele zetu, alijua nani anatoa kibarua cha wikiendi. Kwa hiyo aliposema "nenda Kabukicho, watakupokea", niliamini kama naambiwa na mzazi. Baadaye sana, maji yameshamwagika, ndipo nikagundua kwamba yeye mwenyewe usiku hajawahi kukanyaga pale. Alisimuliwa. Na aliyemsimulia naye sijui alisimuliwa na nani. Watu wa aina hii hawapungui duniani, na naona wengine wamehamia kwenye uzi huu kugonga laiki.

Sikia ilivyokuwa. Ijumaa, saa nne usiku, kamvua kananyesha. Ukitoka stesheni ya Shinjuku kwa mlango wa mashariki unavuka barabara ya Yasukuni, mbele yako kuna lile geti la taa nyekundu lenye jina la mtaa, na kule mbele juu ya jengo kichwa cha Godzilla, lile dubwana la sinema, kinakuchungulia. Sijapita geti hata hatua kumi nikasikia, "Jambo! Hakuna matata!"

Mtanzania mzima nikageuka. Maisha yangu yote nimewacheka wazungu wanaonaswa na mapapasi Zanzibar kwa salamu hiyohiyo, kumbe na mimi nina papasi wangu ananisubiri Tokyo. Alikuwa mweusi mwenzangu, kavaa koti refu jeusi, meno yote nje. Nchi yake siitaji, maana si nchi iliyonipiga, na wapiga debe wa Kijapani pale wamejaa vilevile. Akaniita ndugu yake. Akaniuliza nyumbani hawajambo. Akasema kuna sehemu safi, yeni elfu tatu tu, saa nzima, kunywa mpaka uchoke. Nikauliza mara mbili: elfu tatu, kila kitu? Akaapa kwa mama yake. Kwetu mtu akiapa kwa mama yake unatulia. Sijui mama yule yuko hai au naye alishauzwa kwa kamisheni.

Majengo ya pale ni membamba na marefu, kila ghorofa baa yake, mabango yamepangana ubavuni kuanzia chini hadi juu. Tukaingia kwenye lifti ndogo kama kabati, akabonyeza ghorofa ya sita, milango ilipofunguka juu akanisukuma kidogo mgongoni, yeye akabaki ndani ya lifti akashuka. Sikumwona tena. Kazi yake ilikuwa imeisha, mimi yangu ndiyo inaanza.

Ndani kuna sofa nyekundu, taa hafifu, wateja wengine hakuna. Hiyo ingetosha kunistua, Ijumaa saa nne usiku Shinjuku baa haina mtu! Lakini nilikuwa nimeshapewa kitambaa cha moto cha kufutia mikono, na kitambaa cha moto kinamlainisha mtu, usinicheke. Wakaja wadada wawili, mmoja kila upande. Mmoja akauliza kwa Kiingereza cha kubahatisha, "naomba kinywaji na mimi?" Nikafikiri ni kunywa mpaka uchoke, basi na wao wanywe mpaka wachoke, kwani pesa yangu? Nikasema ndiyo. Ile ndiyo moja, mkuu, ndiyo iliyonimaliza. Glasi zao zilikuwa ndogo kama za dawa ya kikohozi, zinaisha kabla sijameza langu. Mimi mwenyewe nilikunywa haibolu mbili, ile wiski waliyoijaza soda na barafu.

Saa ilipotimia ikaletwa bili kwenye kisahani cha plastiki, kikaratasi kimekunjwa mara moja. Yeni 68,640. Zaidi ya milioni moja ya kwetu.

Nikasema hii si yangu. Akatokea kijana wa suti, mpole, akafungua menyu ambayo sikuonyeshwa tangu niingie, akaanza kunionyesha kwa kalamu, taratibu kama mwalimu wa tuisheni. Ile elfu tatu ipo, kweli. Glasi za wadada: nne kwa mmoja, nne kwa mwenzake, kila moja elfu nne, jumla 32,000. Kiti nilichokalia 5,000. Maji na barafu 3,000, yaani barafu iliyokuwa ndani ya haibolu yangu ilikuwa na akaunti yake. Karanga ambazo sikuagiza 5,000. Hapo ni 48,000. Juu yake asilimia 30 ya huduma. Juu ya hiyo asilimia 10 ya kodi ya serikali, maana hawa wezi bwana ni walipakodi wazuri. Hesabu nimeirudia mara nyingi kitandani, haina kosa hata la yeni moja. Walinipiga kwa hesabu sahihi.

Sikuwa na pesa hiyo mfukoni. Kijana wa suti akanisindikiza hadi kwenye mashine ya kutolea pesa katika duka la saa 24 kule chini, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha akanishikia mwavuli. Akanishikia MWAVULI. Nikatoa pesa ya kodi ya chumba, nikamkabidhi, akainama hadi kiunoni akanishukuru. Hajanigusa, hajapaza sauti. Nimewahi kukabwa Kariakoo, na walionikaba angalau hawakuniombea safari njema.

Ndiyo maana nasema, shika hili moja hata yote mengine ukiyasahau: MTU AKIKUITA BARABARANI, USIENDE. Awe mweusi, mweupe, Mjapani, mdada, mchungaji. Baa utakayoingia uwe umeiona mwenyewe, mlango umeufungua mwenyewe.

Sababu ni hii, na ningeijua mapema ningekuwa na kodi yangu. Baa ya kawaida ya Kijapani ni ndogo, viti vinane au kumi, mwenye baa mwenyewe ndiye mpishi na mhudumu. Haina faida ya kumlipa mtu asimame barabarani usiku kucha. Anayekuita analipwa, na malipo yake yamo ndani ya bili yako. Halafu kazi yenyewe ni haramu. Mji wa Tokyo ulitunga kanuni dhidi ya baa za kubambika bili mwaka 2000, na wilaya ya Shinjuku ikapiga marufuku upigaji debe mwaka 2013. Hata vipaza sauti vya mtaa pale Kabukicho vinatangaza usiku, hadi kwa Kiingereza, kwamba usiwafuate wapiga debe. Nilikuwa navisikia wakati papasi wangu ananiongoza! Nilidhani ni matangazo ya duka.

Na wasikudanganye kwa mbinu nyingine. Kuna anayekukuta umesimama unaangalia simu unatafuta baa fulani, anakwambia "hiyo imejaa leo, lakini tawi lao lipo hapo nyuma". Hakuna tawi. Kuna mdada mnayekutana kwenye programu ya kutafuta wachumba, mrembo, kakuchagulia baa yeye mwenyewe, kila glasi anayoagiza ina bei ya godoro. Ni papasi yuleyule, kabadilisha nguo. Na usiseme basi nitaenda Roppongi, ule mtaa mwingine wa baa wa Tokyo, kwa wageni. Mwaka 2009 ubalozi wa Marekani Tokyo uliwatahadharisha raia wake juu ya baa za Roppongi kwa sababu watu walikuwa wanatiliwa dawa kwenye vinywaji, wanazinduka kadi zimeshakamuliwa. Kadi ya benki iache kituoni kwenu. Beba taslimu unayokubali kuimaliza, basi. Mimi kadi yangu ndiyo iliyoniponza. Ningekuwa na elfu sita mfukoni wangechukua elfu sita na kunitukana kidogo.

Ukishanasa? Usiende kwenye mashine na mtu yeyote. Piga 110, ni polisi, au mwambie twende kituo kidogo cha polisi, pale wanaita koban, tukaongelee bili yetu hapo. Polisi mara nyingi watakwambia ugomvi wa bei ni wa ninyi wawili, usitarajie wakurudishie pesa. Lakini mwenye baa wa aina hii hapendi kujadili bei ya barafu mbele ya askari, na bili huwa inapungua njiani. Hili niliambiwa na Mjapani mmoja wa maabara yetu, alicheka kwanza mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza. Mjuaji wetu wa unga wa ugali yeye aliniambia, "Ungeniuliza mimi." Nilimuuliza!

Haya, baa. Mkuu, umepangiwa Hatagaya na unauliza uende wapi? Kaa hapohapo! Kutoka Shinjuku ni vituo viwili tu kwa laini ya treni iitwayo Keio New, na vichochoro vya karibu na stesheni vina izakaya, yaani baa za kunywa na kula, ndogondogo za watu wa mtaani. Tafuta taa ya karatasi nyekundu mlangoni na sauti za watu ndani. Ingia, onyesha kidole kimoja kwamba uko peke yako, subiri uonyeshwe kiti. Kijapani usiogope, sema "nama" na bia ya pipa inakuja, mishikaki ya kuku unaoneshea kidole.

Kitu kimoja usigombane nacho. Ukikaa tu utaletewa kibakuli ambacho hukuagiza, labda figili iliyopikwa au soya changa za kuchemsha zenye chumvi. Hicho ni otoshi, ndiyo ada ya kiti, kwa kawaida yeni 300 hadi 500. Si wizi. Mimi mara ya kwanza kuletewa baada ya yale ya Kabukicho nilisimama wima, mkono mfukoni, nikamuuliza mama wa watu "hii ni ya nani?" kwa sauti ya kesi. Baa nzima ikanyamaza. Mzee wa pembeni akavuta kibakuli changu, akala figili moja, akanirudishia, akaninyooshea dole gumba. Kisha akachukua chupa yake akanimiminia. Pale hujimiminii mwenyewe, unammiminia mwenzako naye anakumiminia. Yule mzee hakujua Kiingereza, mimi Kijapani changu kilikuwa cha kununulia mayai, tukakaa mpaka baa inafungwa. Bili yangu haikufika elfu tatu, ile elfu tatu ya papasi, na bakshishi hakuna, ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbiza nje akurudishie.

Ukitaka Shinjuku lazima, nenda Golden Gai, ni hapohapo Kabukicho lakini ni dunia nyingine, vibaa zaidi ya 200 kwenye vichochoro, vingine viti sita. Vingi vimeandika ada ya kiti mlangoni. Kama haijaandikwa uliza kabla hujakaa, na kama wamesema ni wateja wao tu, pita. Hakuna atakayekuvuta shati.

Treni za mwisho zinaondoka kuanzia kwenye saa sita usiku hivi, za kwanza ni karibu saa kumi na moja alfajiri, na katikati hapo ndipo mapapasi wanapovuna, kwa sababu wanajua umekwama. Wewe hukwami. Teksi inaanzia yeni 500, kuanzia saa nne usiku wanaongeza asilimia 20, na Hatagaya ni karibu, hata kwa miguu unafika.

HARIRI: Kuna mdau hapo chini ameuliza kwa nini sikukimbia. Ghorofa ya sita mkuu, lifti moja, na kijana wa suti alikuwa amesimama mbele ya kitufe.

HARIRI 2: Na wewe unayesema uliwafuata mara nyingi hukupigwa hata siku moja, sawa. Weka picha ya risiti hapa tuione.