Shimo la kokoto kugeuzwa dampo: pimeni maji ya visima kabla lori la kwanza halijaingia

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Kijiji chenu kiko upande wa Bagamoyo, ukishaipita Bunju. Kuna shimo la mawe lililoachwa miaka mingi, sasa amejitokeza mtu anataka kulichukua amwage taka za Dar es Salaam, na mkutano mkuu wa kijiji umeshaitishwa. Umeuliza muanzie wapi. Mimi nimeishi miaka tisa kama mita 300 hivi kutoka kwenye shimo la aina hiyo, kaskazini mwa jiji, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Nikwambie kwanza jambo ambalo huwa hatulisemi: sisi wenyewe tulilipokea lile dampo kwa mikono miwili. Machimbo yalikuwa yamefungwa kabla sijanunua kiwanja. Masika yakifika shimo lilijaa maji, watoto wakawa wanaogelea, kina mama wanafua juu ya mawe. Kijana mmoja wa jirani alizama humo, na alipotolewa ilikuwa siku ya pili. Walipokuja watu wakasema shimo litajazwa taka, juu litamwagwa kifusi na tutapata uwanja wa mpira, mama wa yule kijana ndiye aliyesimama wa kwanza kuunga mkono. Nani angemkatalia? Kwa hiyo nenda mkutanoni ukijua kuwa wanaounga mkono wana sababu zao. Usiwaite wasaliti.

Tulichokosea ni kutolitazama lile dimbwi vizuri. Maji ya mle yalipanda Aprili na Mei, yakaanza kushuka Juni, na kufikia Septemba ungeweza kuvuka kwa miguu. Kisima changu, pete kumi na moja za zege kwenda chini, kilifanya hivyohivyo: mwezi ambao kamba fupi ya ndoo ilitosha kufikia maji ndio mwezi ambao dimbwi lilikuwa limejaa. Kwa miaka mitatu niliona jambo hilo kila siku na sikuliunganisha. Yale hayakuwa maji ya mvua yaliyotuama tu, yalikuwa maji yaleyale ya ardhini tunayokunywa, wachimbaji wa mawe walikuwa wameyafikia na kuyaacha wazi. Ukimwaga kitu pale umekimwaga kisimani, tofauti ni muda tu.

Ukanda wote huo wa Kunduchi, Wazo, Boko hadi kwenu ni wa mawe ya chokaa na matumbawe. Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa. Udongo wa juu, ambao ungechuja angalau kidogo, uliondolewa siku machimbo yalipofunguliwa. Mahali palipopigwa baruti nyufa ni nyingi zaidi. Chukua ndoo ya lita 20, nenda kaimwage kwenye sakafu ya shimo lenu, sehemu kavu, uhesabu dakika. Fanyeni hivyo mkiwa wazee wawili watatu wa kijiji, wajionee kwa macho yao. Hiyo peke yake itasaidia kuliko maneno yangu yote haya.

Sasa fikiria mvua. Dar na vitongoji vyake hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, maana yake kila mita moja ya mraba inapokea tani nzima ya maji na zaidi kidogo. Shimo la hekta tatu linapokea takriban lita milioni 30. Sehemu itarudi angani kwa jua, inayobaki inapita kwenye taka. Na taka za Dar zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya sokoni, machungwa. Vikioza vikakutana na maji vinatoa maji meusi mazito kama mafuta machafu ya gari, yana amonia, chumvi, vijidudu, na chochote kilichotupwa humo pamoja na betri na rangi. Kwenye dampo la mlimani maji hayo angalau utayaona yakichuruzika kwenye mtaro, utapiga kelele. Kwenye shimo huyaoni, yanakwenda chini kimyakimya.

Najua mwekezaji atasema ataweka karatasi nene ya plastiki chini na udongo wa mfinyanzi. Ni kweli, dampo la kisasa hujengwa hivyo, na likijengwa vizuri linafanya kazi. Sipingi dampo la kisasa, jiji lenye mamilioni ya watu lazima litupe taka mahali. Lakini muulize kuhusu pampu. Shimo halina mteremko wa kutokea, kwa hiyo maji meusi yatakayokusanyika juu ya ile plastiki lazima yavutwe kwa pampu, usiku na mchana kila masika, yapelekwe kwenye bwawa la kuyasafisha. Pampu inataka umeme au dizeli. Na haizimwi siku dampo linapofungwa, kwa sababu taka zinaendelea kuoza miaka mingi baadaye. Ukuta wa shimo nao umesimama wima, plastiki inatandazwaje juu ya mawe makali bila kuchanika? Nani analipa dizeli mwaka wa ishirini? Mwambie ajibu hayo mawili kwa maandishi, mbele ya watu. Kwetu hakuna aliyeuliza, na plastiki iliyoletwa ilitandikwa upande mmoja tu, ule wa barabarani ambako wageni walikuwa wanasimama kupiga picha.

Malori yalianza mwaka 2012. Miezi sita ya kwanza yalikuja yamefunikwa turubai, mtambo unasambaza taka, kifusi kinamwagwa jioni. Baadaye turubai zikaisha, kifusi kikaisha. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba mke wangu alijifunza kupakua wali chini ya chandarua cha mtoto. Moshi ulitoka chini ya taka bila moto kuonekana, kwa sababu taka zikioza bila hewa zinatengeneza gesi inayowaka. Lakini moshi na nzi nimevizoea hata kuvisimulia. Kinachoniuma ni maji.

Mwaka 2014, masika yalipoisha, mke wangu aliniita kisimani. Alikuwa ameteka maji kwenye beseni jeupe la kufulia. Yalikuwa na rangi hafifu ya chai ya rangi, ile ya kwanza unapoanza kutia majani, na juu kulikuwa na utando mwembamba unaometa. Akaniambia sabuni haitoi povu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, yana chumvi, na baada ya chumvi kuna ukakasi unaobaki kooni. Kisima hicho ndicho kilichojenga nyumba yangu, zege yote ilichanganywa kwa maji yake. Binti yetu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja, na maziwa yake tulikuwa tunayakoroga kwa maji hayohayo.

Tulichanga, kila kaya shilingi 5,000, tukapeleka maji ya visima vinne maabara. Majibu yakaja: chumvi juu, amonia juu, vimelea vya kinyesi vipo. Tukaenda kwa wahusika tukiwa na karatasi mkononi, tukidhani mambo yameisha. Bwana aliyetupokea ofisini aliisoma taratibu akatuuliza swali moja: "Kabla ya dampo maji yenu yalikuwaje?" Hatukuwa na jibu. Akasema ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi, na vyoo vyetu vya shimo viko karibu na visima. Na kusema kweli vilikuwa karibu. Sisi tulijua ladha ya maji yetu ya mwaka 2010, lakini ladha haina mhuri. Mpaka nahama mwaka 2018, tulikuwa tunanunua maji ya boza, na hakuna aliyewajibika kwa lolote.

Ndiyo maana nakuambia, muanzie hapo. Kabla hamjabishana kama dampo lije au lisije, pimeni maji sasa. Chagueni visima sita: viwili vilivyo karibu na shimo, viwili vya mbali, kimoja upande wa juu na kimoja upande maji yanakoelekea. Ombeni maabara yenyewe ije ichukue sampuli, au iwape chupa zake na maelekezo, kwa sababu sampuli ya chupa ya soda itakataliwa. Pimeni amonia, kloridi, naitreti, chumvi kwa jumla, na vimelea. Pimeni mara mbili, mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika, maana maji hayafanani. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, nakala zikae mahali zaidi ya pamoja. Dampo lisipokuja, mtakuwa mmejua mnakunywa nini. Likija, yule bwana akiuliza swali lake mtakuwa na jibu.

Kuhusu sheria nitakwenda haraka, tafuteni wakili awasomee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na upate cheti kabla ya kazi kuanza, na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayosimamia. Mna haki ya kusikilizwa kwenye tathmini hiyo, ombeni muione ripoti. Na kama shimo liko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo angalieni sana karatasi ya mahudhurio. Kwetu tulisaini tukijua ni ya posho ya nauli, baadaye majina yetu yakaonekana nyuma ya ukurasa uliosema wananchi wameridhia. Kila karatasi iandikwe juu kabisa inahusu nini, na piga picha kwa simu kabla ya kusaini.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema mwananchi hawezi kushindana na jiji. Ndugu yangu, historia ya hapa hapa Dar inasema vingine. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi, na Jaji Lugakingira akasema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikiiomba mahakama ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zilipotolewa Tabata mwaka 1991 zikapelekwa Kunduchi Mtongani, kwenye eneo linalojulikana kwa mawe na kokoto, jirani zenu hao kabisa. Watu zaidi ya 700 wakaenda mahakamani, nao wakashinda, na hoja kubwa ikiwa kwamba mpango wa jiji lenyewe ulilitenga eneo lile kwa makazi. Baadaye zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Ombeni ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji chenu muone shimo limeandikiwa nini. Kama halijaandikiwa kitu, huo ni mwanya, uzibeni mapema.

Ajira? Kwetu waliahidi vijana hamsini. Waliochukuliwa ni sita, wawili wa kufungua geti na wanne wa kuelekeza malori, bila glavu wala buti. Waliojiajiri ni waokota chupa, wengi wao watoto.

Umesema bibi yako ana kisima cha tangu enzi za Ujamaa, kiko chini kidogo ya shimo, na kijiji kizima hukimbilia hapo vingine vinapokauka. Anzeni na hicho. Mimi bado ninazo karatasi za vipimo vyetu na mawasiliano ya fundi wa maabara aliyetuhudumia, nitumie ujumbe pembeni unipe tarehe ya mkutano. Ikiwa Jumamosi au Jumapili, napanda gari Mwenge alfajiri, saa tatu nitakuwa kwenu.