ClinVar inasema badiliko hili lina madhara: niandike hivyo kwenye ripoti?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya vinasaba. Kwa mgonjwa mwenye misuli ya moyo iliyonenepa tumekuta badiliko kwenye jeni ya MYBPC3. Kwenye kanzidata ya ClinVar, maabara moja imeandika kwamba linasababisha ugonjwa. Je, inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na nakuomba ripoti hiyo isitoke kwanza.

ClinVar yenyewe haipimi kitu. Inapokea maoni ya maabara na kuyaweka wazi, ikitaja nani kasema nini. Tazama nyota ambazo ClinVar huziweka kuonyesha kiwango cha uhakiki: moja inaweza kuwa kauli ya maabara moja tu, lakini tatu zina maana kwamba jopo la wataalamu limepitia ushahidi. Kisha soma ushahidi wenyewe.

Baada ya hapo nenda gnomAD, kanzidata inayoonyesha mabadiliko ya jeni hupatikana mara ngapi kwa watu wa asili mbalimbali, uone badiliko hilo limeenea kiasi gani. Hapa usiharakishe. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 500. Badiliko likikutwa kwa mtu 1 kati ya 50 wenye asili ya Afrika, haliwezi kuwa ndilo linalowaumiza. Wagonjwa wangekuwa wengi kuliko tunaowaona. Hilo lilishatokea. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye asili ya Afrika waliwahi kuambiwa wana mabadiliko ya hatari ya ugonjwa huuhuu, kumbe ni ya kawaida kwa Wamarekani weusi. Watu weusi wachache tu wangewekwa kwenye kundi la kulinganishia, kosa lisingetokea. Inaniuma kila nikiwaza familia zilizoishi na hofu hiyo bure.

Na kwetu pengo ni kubwa zaidi. Mradi wa 1000 Genomes, uliosoma vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali, ulichukua jamii 26 duniani. Afrika Mashariki iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya. Wasukuma hawamo, Wamakonde hawamo. Kwa hiyo badiliko lisipoonekana kwenye kanzidata, usikimbilie kusema ni adimu. Huenda halijatafutwa kwa watu wetu.

Waombe wenzako wa Nairobi na Kampala waangalie sampuli zao za watu wenye afya, nawe pima ndugu wa mgonjwa, walio wazima na wanaoumwa, kwa ridhaa yao. Kwa sasa andika kwamba maana ya badiliko haijajulikana. Matokeo yakipatikana, yapeleke ClinVar pamoja na ushahidi wote, hata kama yanapinga maabara iliyotangulia, ili maabara nyingine ikikutana na badiliko hilohilo isiishie kwenye kauli moja.